Kapu la Wapita Njia

Meneja Renatus Kyando alikuwa na kipaji kimoja tu, nacho ni kuwadharau watu kwa asilimia. Kila Jumatatu alisimama mbele yetu, akapandisha suruali ambayo tayari ilikuwa imefika kifuani, akatutangazia ni sehemu gani ya wakazi wa Makambako isiyofaa kitu. Jumatatu ile walikuwa wamefikia thelathini na nane kwa mia.

"Hawa si wateja," alisema. "Ni wapita njia. Wanauliza bei, wanaguna, wanaondoka zao. Kila mnong'ono tunaoupeleka sikioni mwa mtu wa aina hiyo ni hela tumeitupa chooni."

Wapanga maneno wenzangu, kila mmoja na kanda yake, waliitikia kwa vichwa. Wengine waliandika. Sijui waliandika nini, maana hotuba hiyo tulikuwa tukiisikia tangu mvua za kwanza, na haikuwahi kuongezeka akili.

Mimi niliendelea na kazi. Kwenye ubao wangu yalikuwa yakishuka maneno ya jana, yale ambayo vipuli vya masikioni vimeyaokota vinywani mwa watu wa Makambako. Mama mmoja kule Lyamkena alikuwa amemwambia mumewe, "Blanketi la mgeni limetoboka." Sikio, yaani mashine yetu, lilisikia, na kwa kuwa msimu huu neno "blanketi" lilikuwa mali ya duka letu, Ghala Kuu, ni sisi peke yetu tulioruhusiwa kumnong'oneza: Mama, mablanketi yapo. Sikio lingeachwa lenyewe, lingemletea blanketi zito la bei mbaya. Mimi nilijua kwamba blanketi la mgeni si zito wala si la bei. Ni jipya tu, lina maua, na hulala kabatini mwaka mzima likimngoja shemeji. Kwa hiyo nililitia kapu moja na sahani za mgeni, taulo la mgeni, na ile sabuni yenye harufu ambayo watoto hukatazwa kuigusa. Kapu hilo peke yake liliuza kuliko makapu yote aliyoyapanga Kyando, ambaye alipanga maneno kwa kufuata vitu. Mimi nilipanga kwa kufuata aibu za watu.

"Vumilia Mgaya," Kyando aliita. "Unacheka nini?"

"Nimekohoa, Meneja."

"Basi kohoa kwa adabu. Na uwaeleze wenzako kapu la wapita njia limetuletea faida gani."

Niliwaeleza, bila kuyatamka maneno yenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya mbu. Kila duka lina kapu la kuzuia, maneno ambayo yakisikika Sikio hunyamaza. La kwetu zamani lilikuwa na akili. Mtu akisema "bure", nyamaza. Akisema "kuazima", nyamaza, huyo anataka la jirani. Msimu huu makao makuu yakatushushia kapu jingine la kuzuia, tena Kyando ndiye aliyelipendekeza: "mwisho ngapi", "punguza kidogo", "mbona ghali", "sema mwisho wako". Anayeyatamka maneno hayo mara tatu katika mazungumzo yaleyale anatiwa kivulini, na hatoki mpaka maneno hayo yaondolewe kapuni. Mwanzoni kuwa kivulini kulimaanisha kutonong'onezwa tu, jambo ambalo wengi wangelilipia kwa furaha. Kisha bingwa mmoja huko juu akagundua kwamba hata kumjibu mtu ni gharama. Tangu hapo aliye kivulini akiuliza kitu, Ghala humjibu neno moja: Hakuna. Maduka yenye milango na vibaraza yalishakufa yote, na zahanati zenyewe huchukua dawa kwetu, kwa hiyo hakuna yetu ni hakuna kweli.

"Na vipi wanaoonewa?" aliuliza mwenzetu wa kanda ya Mafinga. "Yule mchungaji je?"

Mchungaji huyo alikuwa sebuleni kwake akipatana na wakwe mahari ya binti yake. Alisema "punguza kidogo" mara moja zaidi ya alivyopaswa, na kesho yake akakosa hata mafuta ya taa. Sikio halijali mtu anaongea na nani wala kuhusu nini. Kyando alicheka mpaka akaishika meza.

"Mashine haina shangazi," alisema. Aliupenda sana msemo huo; aliubuni mwenyewe, na ilionekana.

Mimi ninaye shangazi, na jioni ile nilikwenda kumwona.

*

Shangazi Melania alinilea tangu mama alipofariki. Viatu vyangu vya shule, kitanda changu, hata jino nililong'olewa nikiwa darasa la tano, hakuna alicholipia kwa bei ya kwanza. Nilimkuta ameketi karibu na jiko, amejitanda khanga juu ya sweta, na upepo wa Juni ukitafuta kila tundu la dirisha.

"Kamwene, shangazi. Shikamoo."

"Kamwene, mwanangu. Marahaba." Pumzi ilimtoka ikipiga mluzi. "Hebu niambie ukweli, hilo Ghala lenu limefilisika?"

"Kwa nini?"

"Tangu juzi naomba dawa yangu, naambiwa hakuna. Naomba sukari, hakuna. Jana nikaomba kibiriti, kwa kulijaribu tu. Hakuna! Ghala gani halina kibiriti, Vumi?" Aliugeukia ukuta ambapo Ghala lilikuwa limepachika kinywa chake, kama lilivyopachika katika kila nyumba. "Dawa ya pumu ya kuvuta."

"Hakuna," ukuta ulijibu, kwa sauti ya binti aliyelelewa na watawa.

Asubuhi ile nilikuwa nimeyaona makasha ya dawa hiyo kwenye ubao wangu, yamejaa rafu nzima. Nilikuwa nimeliweka neno lake mimi mwenyewe katika kapu la baridi, pamoja na soksi na tangawizi.

"Shangazi, mara ya mwisho ulinunua nini?"

"Sikununua. Niliulizia blanketi." Akatabasamu kidogo. "La mgeni. Lina maua. Likaniambia bei, nikaliambia, mbona ghali? Kimya. Nikaliambia, punguza kidogo. Kimya. Nikaona hili lina kiburi. Nikasema haya basi, sema mwisho wako. Halafu nikaondoka."

"Ukaondoka ukaenda wapi? Ulikuwa sebuleni kwako."

"Nikaenda jikoni! Muuzaji lazima auone mgongo wako. Nikasimama kule nangoja liniite." Alikohoa, kikohozi kirefu kilichomfanya ashike goti. "Halikuniita. Halikufundwa hilo."

Hapo ndipo upumbavu wote wa Kyando ulipokaa mbele yangu, umevaa khanga. Watu hawa walikuwa wakinunua kwa namna hiyo tangu babu zao, na wataalamu wetu, ambao mama zao waliwavisha kwa kupatana, walikuwa wameuona mgongo wa mnunuzi wakadhani ni mgongo wa mtu anayekwenda zake.

"Mtu asiyetaka kitu haulizi bei yake," shangazi alisema, kana kwamba amenisikia. "Anayeondoka ndiye mnunuzi. Hata mtoto anajua hilo."

"Kwenye mtaa huu mko wangapi mnaoambiwa hakuna?"

"Bora uulize nani haambiwi. Jackline wa nyumba ya kona ndiye anatununulia chumvi na sabuni wote. Kakulia Ulaya yule, analipa bei ya kwanza kama aliyelogwa. Lakini dawa hawezi. Si mnataka sauti ya mgonjwa mwenyewe?"

Ndiyo sheria, na angalau hiyo ilikuwa sheria yenye maana, maana zamani watu walikuwa wakinunua dawa za wenzao na kuziuza. Mzee Ngole wa upande wa pili wa barabara alikuwa siku ya nne bila dawa ya presha. Alikuwa amepatana bei ya koleo.

Nilimwomba shangazi kichupa chake cha dawa nikakitikisa. Kilikuwa chepesi mno.

"Kimebaki kiasi gani?"

"Cha kutosha kubishana na wewe." Alikipokea, akakificha ndani ya khanga kama mtu anayeficha peremende kwa mjukuu. "Usiniangalie hivyo. Pika chai."

Nilipika chai. Niliogopa sana, na nilipokuwa nakoroga majani sufuriani niliwachukia wote, kuanzia bingwa wa makao makuu hadi sauti ile ya kitawa ukutani, lakini Kyando zaidi.

*

Kesho yake ilikuwa siku ya kufunga msimu. Siku hiyo mpanga maneno mwenye leseni, mzaliwa wa kanda, huyasoma kwa sauti yake maneno yote ya msimu ujao, kapu baada ya kapu, na meneja hulithibitisha kila kapu kwa kubonyeza kidole gumba kwenye ubao. Isipofanyika hivyo kabla ya adhuhuri, maneno ya kanda huingia mnadani, na wapinzani wetu wa Duka Mlimani walikuwa wameshakaa mkao wa kula. Kyando hakuweza kusoma mwenyewe. Alishafanya mtihani wa leseni mara mbili, na mara zote mbili mtihani ulimshinda.

Nilisoma kapu la baridi. Akabonyeza. Nikasoma kapu la mgeni, akapiga miayo, akabonyeza. Nikafika la wapita njia, nikanyamaza.

"Endelea," alisema.

"Hili silisomi. Naliondoa."

"Hili ndilo limenipa tuzo."

"Shangazi yangu ana pumu, Meneja. Anaambiwa hakuna, na dawa iko chini ya miguu yetu hapa."

Alinitazama, na nilishangaa kuona uso wake ukilainika. Kwa dakika moja nilidhani kuna mtu mle ndani.

"Si ungesema mapema," alisema, akivuta kiti karibu. "Vumilia, mimi nina msamaha wa msimu. Kila meneja hupewa mmoja. Nalitamka jina la mtu, Sikio linanisikia, mtu anatoka kivulini. Nilikuwa nimemwekea kinyozi wangu." Alisema hivyo bila haya yoyote. "Nipe jina la shangazi yako. Kabla ya chakula cha mchana dawa iko mezani kwake. Wewe soma kapu, tufunge, twende zetu."

"Mashine haina shangazi."

"Leo inaye."

Nilitaka kukubali. Nasema waziwazi: jina lake lilifika kwenye ulimi. Niliiona dawa ikishuka uani kwake, nikausikia mluzi wa kifuani ukinyamaza. Halafu nikamsikia akiniuliza, kama ambavyo angeuliza tu kabla hata hajafungua kasha: Na Ngole, kapata? Ningemjibu nini? Kwamba Ngole hana mtoto wa ndugu Ghalani? Tena shangazi hakuwahi katika maisha yake kukubali bei ya kwanza, na hii ilikuwa bei ya kwanza.

"Kapu zima litoke," nilisema. "Wote."

"Haiwezekani."

Nikaufunga mtandio wangu, nikautia ubao kwapani, nikasimama na kumpa mgongo.

Njia ya kutoka mezani kwake hadi mlangoni si ndefu, lakini kila hatua nilikuwa naikanyaga juu ya kifua cha shangazi. Kama Kyando angekaa kimya, nilikuwa nimemuua kwa ujeuri wangu. Nilitamani kugeuka. Nilitamani kusema jambo, lolote, na maneno yote yaliyonijia yalikuwa ya kapuni. Nikayameza moja moja, maana niliyajua kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Nilijua na jambo jingine. Mama yake Kyando aliuza mitumba ya watoto katika soko la zamani. Kyando alilificha hilo kwa tai na kwa kuongea puani, ila mtu aliyelala chini ya meza ya mitumba tangu ananyonya hawezi kuuona mgongo wa mteja ukienda akatulia.

"Wee dada!" aliita.

Sikugeuka. Mlango wa Ghala hufunguka kwa mtu unayemtambua, na ulinitambua, ukafunguka.

"Vumilia! Punguza kidogo, basi. Shangazi yako na mtu mwingine mmoja. Wawili! Nitawaomba wakubwa waniongezee msamaha."

Hiyo moja, nilisema moyoni. Nilikuwa nimeshaingia kwenye korido.

"Haya, mtaa mzima! Mtaa wenu wote, nitajua pa kuandikia. Makambako nzima? Mbona ghali namna hiyo, dada yangu?"

Mbili. Viatu vyake vilikuwa vinanifuata sasa, haraka haraka, na sauti ilikuwa imeshuka kutoka puani hadi tumboni. Ilikuwa sauti nzuri kwa kweli, ya sokoni, na laiti angeitumia tangu zamani labda ningempenda.

"Simama, bwana! Adhuhuri hiyo inaingia! Sema mwisho wako!"

Kipuli chake kikatoa mlio mdogo wa adabu. Niligeuka. Shangazi angenilaumu kwa hilo, lakini sikutaka kukikosa kitu hicho.

Taa za ofisi yake zilizimika. Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu. Kyando aliutazama, akapandisha suruali, akaurudia.

"Fungua," aliuambia. "Ni Meneja Kyando. Fungua."

Mlango haukumjua.

"Natoa msamaha!" alipaza sauti kwenye dari. "Msamaha wa msimu! Renatus Kyando!" Lakini ili Sikio likubali msamaha sharti limtambue anayeutoa, na Sikio halimtambui aliye kivulini, yeye mwenyewe aliwahi kutueleza hivyo Jumatatu moja, kwa kujivuna. Alizunguka pale koridoni akijaribu kila kitu chenye kinywa. Mwishoni alisimama mbele ya mashine ya chai.

"Chai," aliiambia, kwa unyonge.

"Hakuna," ikajibu.

Nilimwacha kidogo alionje neno hilo. Kisha nikamsogezea ubao.

"Sauti yako imezimwa, Meneja, ila kidole bado ni kizima. Mimi bei yangu ni ileile."

"Makao makuu watakufukuza kazi," alisema.

"Watafukuza. Na wewe utakuwa unanunuliwa chumvi na nani? Nikutafutie Jackline?"

Nikasoma kwa sauti yangu, polepole, kama leseni inavyotaka: kapu la wapita njia linaondolewa, pamoja na maneno yake yote. Akabonyeza kidole, kwa uso wa mtu aliyenunua kuku akamfia njiani. Neno likitoka kapuni, wote waliofungwa nalo hutoka nalo. Mlango wa ofisi ukafunguka wenyewe, taa zikawaka, na mashine ya chai ikamnong'oneza kwa heshima zote kwamba chai ipo, ya tangawizi. Akapita bila kuniangalia. Nilimdharau mpaka alipotoweka, nikajua pia kwamba kesho sitakuwa na kazi.

Nikampigia shangazi.

"Jaribu sasa," nilimwambia.

Nilisikia pumzi yake kwanza, mluzi mwembamba kuliko wa jana. Kisha nikamsikia akiuambia ukuta: "Dawa ya pumu ya kuvuta."

"Ipo, mama," ukuta ukajibu. "Ni shilingi elfu kumi na nane. Niilete?"

"Shangazi, sema ndiyo," nilinong'ona. "Nakuomba. Sema ndiyo tu."

Alivuta pumzi moja kwa tabu, kisha nyingine.

"Mwisho ngapi?" akauliza, na nikasikia kandambili zake zikielekea jikoni.

Nikafumba macho pale koridoni.

"Mama," ukuta ukamwita. "Mama, dawa bado ipo."

"Kumi na nne," shangazi akajibu kutoka jikoni, wala hakugeuka. Mgongo ule niliujua hata bila kuuona.